Katika eteni unayonunua kuna bati kiasi gani?

Ukinunua eteni, yaani waya wa kulehemia, pale Birere, sokoni kwetu Goma, usihukumu kwa kibandiko wala kwa ukubwa wa bobini, kile kigurudumu kilichozungushiwa waya. Unacholipia ni bati. Waya wa kulehemia tuliouzoea ni mchanganyiko wa bati na risasi, na bei za metali hizo mbili hazikaribiani: kwenye soko la dunia tani moja ya bati huuzwa kwa zaidi ya mara kumi ya bei ya tani ya risasi. Anayetaka kuiba anajua pa kupunguza. Anapunguza bati, anajaza risasi, kisha anachapa 63/37 kwenye kibandiko, yaani bati 63 na risasi 37 katika kila mia. Bobini inakuwa nzito zaidi, na mnunuzi anaupokea uzito huo kama zawadi.

Jambo hili linaniuma kwa kuwa Goma ni mji wa bati. Kwa miaka mingi kasiterite, mawe yenye bati, ya Walikale na ya Masisi imepita hapa ndani ya magunia, ikapimwa, ikafungwa, ikavuka mpaka kwenda kuyeyushwa mbali. Kwenye kontwari, nyumba za kununulia madini, hakuna mtu anayenunua gunia kwa kulitazama tu. Wanachukua sampuli, wanapima, na bei inafuata asilimia ya bati iliyomo. Mchimbaji aliyeutoa mzigo ule porini kwa mgongo wake anahesabiwa kila asilimia. Bati hilohilo likirudi kwetu limegeuzwa waya, sisi tunaolinunua tunauliza jambo moja tu: franga ngapi? Asilimia hatuulizi.

Naomba tuanze kuuliza. Naandika kwa ajili ya wanaojijengea vitu nyumbani: redio ndogo, ampli ya spika mbili, taa za LED za kuwasha umeme ukikatika, kidhibiti cha chaji ya paneli ya jua. Mtu wa kazi hizo anaweza kuhangaika muda mrefu akitafuta transista sahihi, akausoma mchoro wa saketi mpaka usiku wa manane, halafu viungo vyote vya bodi yake akavikabidhi kwa waya asioujua umetengenezwa kwa nini. Vijana huniletea bodi zinazowaka na kuzima zenyewe. Ukipima vipuri kimoja kimoja kwa multimeta, vingi ni vizima kabisa. Tatizo liko kwenye eteni iliyovishika.

Namba 63/37 ina sababu yake. Bati peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, risasi peke yake kwenye 327. Ukizichanganya, kila moja inashusha kiwango cha mwenzake, na panaposhuka kuliko pote ni pale bati linapokuwa karibu asilimia 63 ya uzito na risasi 37. Mchanganyiko huo huyeyuka wote kwa pamoja kwenye nyuzi 183, na ukipoa huganda wote kwa pamoja kwenye nyuzi hizohizo. Ukitoka hapo kwenda upande wowote, mambo hayawi tena ya mara moja. Eteni ya 60/40 huwa majimaji kabisa kwenye nyuzi 190 hivi na kumaliza kuganda kwenye 183. Pengo ni dogo, na kwa mkono uliotulia haina shida. Ya 50/50 huanza kuganda kwenye 215 hivi. Ile ya 40/60, yenye risasi nyingi kuliko bati, hukaribia 240 kabla haijayeyuka yote, na ikipoa hupita nyuzi zaidi ya hamsini ikiwa kama uji, sehemu imeshaganda na sehemu bado inatembea.

Katika uji huo ndimo viungo vinamoharibikia. Mguu wa kapasita ukitikisika kidogo kabla ya uji kushika, ndani ya kiungo panabaki ufa usioonekana kwa macho. Saketi inawaka siku hiyo na kila mtu anafurahi. Baadaye redio inafungwa kwenye pikipiki, pikipiki inapita kila siku juu ya mawe ya volkano ya vichochoro vya Majengo, ufa unapanuka, na mwenye redio anaanza kuipiga kofi ili iongee.

Isitoshe, kinachoshika shaba ni bati. Eteni inapoyeyuka juu ya waya wa shaba, bati huungana na shaba na kutengeneza tabaka jembamba sana katikati yao, na tabaka hilo ndilo kiungo chenyewe. Risasi haiungani na shaba kwa namna hiyo. Inasaidia kushusha joto la kuyeyukia, inapunguza gharama, inailainisha eteni, lakini kazi ya kushika si yake. Kwa hiyo aliyepunguza bati amepunguza kile hasa ulichokwenda kununua.

Hapa kwetu kuna sababu nyingine ya kuitafuta ile ya nyuzi 183. Chuma cha kulehemia kinachouzwa kwa wingi sokoni hakina kidhibiti cha joto. Unakichomeka ukutani, nacho kinapata kile umeme unachokipa. Nguvu yake hufuata mraba wa volti: chuma cha wati 40 kilichotengenezwa kwa volti 220, kikipewa volti 180 saa za jioni ambapo taa za mtaa mzima zimefifia, hubaki na wati 27 hivi. Kwa ncha dhaifu namna hiyo, eteni ya nyuzi 183 bado inayeyuka vizuri. Ile ya 240 inakulazimisha ushikilie ncha muda mrefu juu ya mguu wa kipuri, na ukiendelea hivyo njia ya shaba inabanduka kwenye bodi, hasa zile bodi za rangi ya kahawia za bei rahisi. Fundi anasema bodi ni mbovu. Bodi haikuwa mbovu.

Niliwahi kumuuliza kijana mmoja muuzaji kama bobini aliyonipa ilikuwa na bati la kutosha. Akanijibu kwa heshima: "Papa, iyi ni ya muzuri, batu bote banabebaka iyi." Nikamwuliza tena kama ni sitini kweli. "Njo vile baliandika." Hakunidanganya. Ndivyo walivyoandika, naye aliinunua kwa mwenye duka kubwa aliyeinunua kwa mwingine, na katika mnyororo mzima hakuna aliyewahi kuiyeyusha. Basi kazi ya kupima inabaki kwetu, na si ngumu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chochote zaidi ya chuma chenye moto. Wauzaji wengi wana kimoja pembeni kwa ajili ya kujaribisha bidhaa, omba utumie. Yeyusha tone kubwa juu ya kipande safi cha shaba, ondoa ncha bila kutikisa, kisha kodolea uso wa tone. Eteni ya 63/37 hubaki inang'aa kama ilivyo, halafu inaganda ghafla yote, na mng'aro unabaki. Yenye risasi nyingi hufifia polepole, ngozi ya kijivu inatambaa kutoka pembeni kuelekea katikati, na ukiigusa na sindano wakati huo unahisi chembechembe. Tone likishapoa linakuwa na uso mkavu usiorudisha mwanga. Ukiliona hilo mara moja, hutalisahau, na hutahitaji tena kibandiko.

Kipimo cha pili ndicho ninachokipenda zaidi, maana kinatoa namba. Bati ni jepesi, takriban gramu 7.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Risasi ni nzito, gramu 11.3. Kwa hiyo uzito ukilinganishwa na ujazo unafichua mchanganyiko. Unahitaji mizani ndogo ya dijitali inayosoma hadi 0.01 ya gramu, ya aina ile ile wanayotumia wapima dhahabu, na kikombe chepesi cha plastiki. Yeyusha eteni ndani ya kijiko kikuukuu cha chuma mpaka flaksi, ile dawa ya kusaidia eteni kushika iliyo ndani ya waya, yote ipande juu ikiwa weusi, ikwangue, acha tone lipoe polepole, kisha lisafishe kwa spiriti. Pima tone likiwa kavu. Tuseme ni gramu 20. Sasa weka kikombe chenye maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha lining'inize tone kwa uzi mwembamba ndani ya maji, lizame lote bila kugusa chini wala kuta za kikombe. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa, yaani ujazo wa tone.

Kwa gramu 20 za 63/37 utasoma 2.38 hivi. Kwa 60/40, 2.35. Kwa 50/50, 2.25. Ukiona 2.16, una 40/60 mkononi; ukiona 2.06, bati ni asilimia 30 tu na iliyobaki ni risasi. Eteni isiyo na risasi kabisa itakupa 2.7 na kitu. Kutofautisha 63 na 60 kwa njia hii ni kujisumbua bure, kwa sababu mapovu madogo tu yanaweza kuifuta tofauti hiyo. Ila kati ya 60 na 40 hakuna ubishi.

Tena kuhusu mapovu, angalieni yanadanganya kwa upande gani. Povu lililonaswa ndani ya tone linaongeza ujazo bila kuongeza uzito, kwa hiyo linaifanya eteni mbaya ionekane ina bati zaidi. Halifanyi kinyume. Hivyo namba mbaya unaweza kuiamini, mradi umepima kwa uangalifu. Namba nzuri ithibitishe kwa kipimo cha kwanza, cha kutazama inavyoganda. Eteni ikifaulu yote mawili, nunua bobini nyingine kabla mzigo haujaisha, kwani mzigo unaofuata wenye kibandiko kilekile unaweza kuwa kitu kingine.

Wapo wanaopima kwa kuchora kwenye karatasi. Risasi huacha alama ya kijivu kama penseli, na hilo ni kweli, lakini linakuambia tu kwamba risasi ipo. Kiasi chake halikuambii.

Karibu nusu ya bati lote linalotumika duniani huishia kwenye lehemu. Nafikiri kila anayelehemu katika Kivu anapaswa kulijua hilo. Bisie, kule Walikale, ilipoanza kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu walibeba kasiterite mgongoni kupitia msituni mpaka mahali ambapo ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami, pale Kilambo, na kuileta Goma. Makundi yenye silaha yalijilisha kwa mzigo huo. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria inayozitaka kampuni zitoe taarifa kama bati, tantali, wolframu na dhahabu wanazotumia zimetoka kwetu au kwa majirani zetu, na Septemba mwaka huohuo uchimbaji ulisimamishwa kwa amri ya Rais katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Waliokuwa wanaishi kwa kasiterite wanakumbuka miezi ile. Sasa Bisie kuna mgodi wa viwanda wa kampuni ya Alphamin, uliozalisha kuanzia mwaka 2019, na madini yake yana asilimia ya bati iliyo ya juu kuliko migodi mingi mikubwa ya dunia. Machi 2025, vita vilipousogelea, mgodi ulisimama, na bei ya bati kwenye soko la London ikapanda mara moja. Mwezi uliofuata kazi ilianza kurudi.

Bei ya bati inapopanda kwa sababu ya milio ya risasi Walikale, tamaa ya kupunguza bati katika waya inapanda nayo huko kiwandani, na waya huo unakuja kuuzwa Birere. Mchimbaji wa Bisie na kijana anayejenga ampli hapa Goma, mtaa wa Himbi, wamefungwa kwenye bei moja bila kuonana. Kwa hilo peke yake naona tunayo haki ya kudai kila asilimia tuliyoandikiwa.

Turudi mezani. Ndani ya waya mzuri kuna mfereji mwembamba, wakati mwingine kadhaa, uliojaa flaksi. Kwa kazi zetu flaksi inayofaa ni kolofonia, utomvu wa msonobari uliokaushwa. Ikipata joto huondoa kutu nyembamba iliyo juu ya shaba ili bati lishike. Waya wa ovyo huwa na mfereji uliokatikakatika: unalehemu viungo vitatu vizuri, cha nne kinakataa, eteni inajikunja kuwa kidonge na kuviringika. Dawa yake ni kununua kikopo cha kolofonia peke yake, kisha kuiponda na kuiyeyusha katika spiriti ili upate maji ya kupaka kwa brashi. Hata eteni ya wastani hufanya kazi safi zaidi ikipakiwa hayo kwanza.

Lakini msinunue kamwe kwa ajili ya bodi ile flaksi ya mafundi wa mabomba na mifereji ya mabati. Ina kloridi ya zinki. Inashika haraka ajabu, hata kwenye waya uliochakaa, na kwa sababu hiyo watu huipenda. Mabaki yake hayaachi kula. Yananyonya unyevu wa hewa, nasi tunaishi kando ya ziwa, yanaingia chini ya miguu ya vipuri mahali brashi haifiki, na baada ya muda unaona ukungu wa kijani kuzunguka kila kiungo. Bodi iliyofika hapo siwezi kuiokoa. Risasi ya betri kuukuu za magari nayo iacheni huko huko. Mara nyingi imechanganywa na antimoni au kalsiamu kwa ajili ya kazi ya betri, na bati haina la maana.

Wakati mwingine eteni ni nzuri, flaksi ni nzuri, na waya bado unakataa. Hapo ukwangue waya wenyewe kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, si shaba, ni alumini iliyopakwa shaba, na nyaya kama hizo zimejaa sokoni, hasa za spika na za paneli za jua. Ngozi ya shaba ikishaliwa, eteni ya kawaida haishiki alumini. Usilaumu bobini, rudisha waya.

Unene wa waya hauhitaji maneno mengi. Wa milimita 0.8 unatosha kwa karibu kila kitu. Chukua 0.5 au 0.6 kwa miguu iliyobanana, na 1.0 au zaidi kwa nyaya nene za betri. Gramu 100 za 0.8 ni zaidi ya mita 25, na kiungo cha kawaida hakimalizi sentimita moja. Ukigawanya bei ya bobini halali kwa viungo vyote hivyo, utaona kwamba unachookoa kwa kununua ya bandia ni kitu kidogo mno kulinganisha na bei ya kipuri kimoja kinachoungua.

Sasa swali linaloulizwa sana: ile isiyo na risasi je? Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku risasi katika vifaa vingi vipya vya umeme kuanzia tarehe 1 Julai 2006, na viwanda vya dunia vikafuata. Simu iliyo mfukoni mwako imelehemiwa bila risasi. Mchanganyiko maarufu ni wa bati asilimia 96.5, fedha 3 na shaba 0.5, unaoyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220. Wa bei nafuu zaidi ni bati 99.3 na shaba 0.7, unaoyeyuka kwenye 227. Kwa kiwanda chenye mashine zinazodhibiti joto, sawa. Kwa mwenye chuma cha wati 40 kwenye laini dhaifu, ni mateso. Kiungo chake hata kikiwa kizuri mara nyingi hakina mng'aro, kwa hiyo anayejifunza hana cha kumwonyesha kama amepatia. Tena bati likiwa jingi na joto likiwa kubwa, ncha ya shaba tupu, ile ya vyuma vya bei rahisi, huliwa haraka mpaka inakuwa na shimo. Ushauri wangu: kama huna chuma chenye kidhibiti na ncha iliyopakwa chuma, anza na 63/37.

Ukitengeneza bodi ya kiwandani iliyolehemiwa bila risasi, nyonya kwanza eteni ya zamani kwa utambi wa shaba, halafu weka yako. Mabaki machache yakichanganyika si neno. Ila kuna moja la kuogopa. Eteni ya bismuthi, bati 42 na bismuthi 58, huyeyuka kwenye nyuzi 138 na mafundi wa simu wanaipenda kwa sababu haiunguzi. Ikikutana na risasi iliyobaki kwenye kiungo, panaweza kuzaliwa mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi 96 hivi. Transista kubwa ya ampli inaweza kufika joto hilo ikifanya kazi yake ya kawaida tu. Bismuthi na risasi zisikae kwenye bodi moja.

Kwa kuwa nawashauri mtumie risasi, ni wajibu wangu kusema wazi namna ya kuishi nayo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwenye ubongo unaokua. Moshi mnaouona mnapolehemu si wa risasi. Kwa joto la chuma chetu risasi haigeuki mvuke wa kutisha, inachemka kwenye nyuzi 1749. Moshi ule ni wa kolofonia, nao una ubaya wake, kwani unajulikana kuwaletea pumu watu wanaoufanyia kazi kila siku. Fungua dirisha, usiinamie juu ya bodi, na kama una feni kuukuu ya kompyuta ifunge ivute moshi upande wa nje. Risasi yenyewe inaingia kwa mikono na kwa mdomo. Nawasihi, acheni kushika waya kwa meno mikono inapojaa kazi. Nimewaona mafundi hodari wakifanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Chukueni koleo dogo, chukueni pini ya nguo, chochote.

Msilehemu juu ya meza ambayo familia inalia chakula. Ndugu yangu, najua nyumba nyingi zina meza moja. Basi tafuta ubao wako, ukimaliza uinue na uuhifadhi ulivyo, pamoja na matone yake, mahali mtoto hafiki. Vumbi la eteni lifute kwa kitambaa kibichi, usilipulize kwa mdomo. Nawa kwa sabuni kabla ya kushika mkate au mtoto. Kijiko cha kuyeyushia kwa ajili ya kipimo nilichoeleza kisirudi jikoni maisha yake yote, na usiyeyushie juu ya mbabula ya kupikia. Mabaki yaweke kwenye kopo lenye kifuniko. Hapa mjini taka zinachomwa pembeni mwa barabara, na moshi huo unarudi kwetu wote.

Kilichobaki ni namna ya kuipata ile halali. Birere inapatikana, nimekutana nayo, lakini unaipata kwa kupima, na mzigo hubadilika. Njia iliyo ya uhakika zaidi ni kuagiza bobini ya nusu kilo ya mtengenezaji anayejulikana, kupitia Kigali, Kampala au Nairobi, mkachanga watu kadhaa. Mtu mmoja kuilipia peke yake ni mzigo mkubwa, na haimaliziki. Bobini ya gramu 500 yenye unene wa 0.8 hutoa mita 130 hivi, yaani watu watano wanapata mita 26 kila mmoja, kazi ya miaka kwa anayejenga nyumbani. Mgawane kwa futi ya kamba na si kwa kukisia. Kila fungu lizungushieni kadi, muandike juu yake 63/37, unene, na namba mliyoipata kwenye maji kwa tone la gramu 20. Kadi hiyo mnaweza kwenda nayo dukani mara nyingine mkaiweka kando ya bobini inayouzwa, na mwenye duka akitaka, pimeni pamoja naye.